Kabla Hujanunua Tyubu ya Fangasi

Mtu akifika dirishani akaniambia, "Dada, nipatie ile dawa ya fangasi," namuuliza kwanza fangasi wenyewe wako wapi: kichwani, kifuani, kwenye kinena, kati ya vidole vya miguu au kwenye kucha? Wapo wanaoona namchunguza mno mbele za watu, ndiyo maana swali hilo naliuliza kwa sauti ya chini. Lakini jibu lake ndilo linaloamua kama ataondoka na krimu, na shampuu, au na ushauri wa kwenda zahanati asubuhi ya kesho.

Mimi ni muuguzi, na natoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Ifakara. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na joto. Mkulima anashinda jarubani miguu ikiwa majini au ndani ya buti za mpira, jasho linamtiririka mgongoni, na jioni nguo hiyohiyo anaianika ndani kwa sababu nje mvua inanyesha. Fangasi wa ngozi hapa hawana msimu wa kupumzika.

Dawa zetu za fangasi, zile za kawaida kabisa zisizo na mbwembwe, zinaponya. Ninapomwona mtu amerudi na duara lilelile, karibu kila mara sababu ni moja kati ya tatu: dawa imepakwa mahali isipoweza kufika, imeachwa mapema, au tyubu aliyonunua ina steroidi ndani yake, yaani dawa inayotuliza kinga ya ngozi. Hiyo ya tatu inaniumiza roho kuliko zote, nami nitakaa nayo zaidi.

Angalia vizuri kabla ya kupaka

Choa, ambayo wengine huiita mashilingi, huanza kama kipele kinachowasha kisha hutanuka na kuwa duara. Utaijua kwa ukingo wake: umeinuka kidogo, una magamba na vipele vidogovidogo, wakati katikati pameanza kusafika. Kwenye kinena mambo ni hayohayo, ila duara halikamiliki. Utaona ukingo unashuka kwenye paja la ndani, na kwa wanaume korodani mara nyingi hubaki salama. Miguuni wanapenda sana nafasi kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Ngozi pale huwa nyeupe kama imelowekwa, inapasuka, inanuka.

Utangotango ni jambo jingine. Madoa yake yamepauka au yana rangi ya kahawia, yako shingoni, kifuani, mgongoni na mabegani, na ukiyakwaruza kidogo kwa ukucha hutoa unga mwembamba. Hayawashi sana. Huletwa na fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Malasezia, ambaye huishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu na huzidi pakiwa na joto, jasho na mafuta. Kwa hiyo mwenye utangotango si mchafu, na hakuambukizwa na mtu. Naomba wazazi waache kuwasimanga vijana wao kwa hilo.

Kisha kuna kandida, yule wa mikunjo: chini ya matiti, kwenye makwapa, kwenye mapaja ya mtoto anayevaa nepi. Panakuwa pekundu au peusi panapong'aa, panachonyota, na pembeni pana vipele vichache vilivyojitenga na doa kubwa.

Si kila duara ni fangasi. Pumu ya ngozi nayo huweza kuja kwa umbo la duara, ila huenea pande mbili za mwili, na ukingo wake hauna ule mstari ulioinuka. Na kuna doa moja ambalo sitaki ulipake chochote: lililopauka, lisilowasha wala kutoa unga. Mwambie mgonjwa afumbe macho, mguse hapo kwa kipande cha pamba, umuulize kama amehisi. Asipohisi, nendeni hospitali siku hiyohiyo mkaulize kuhusu ukoma. Ukoma bado upo Tanzania, unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Krimu, na namna ya kuipaka

Kwa choa ya mwilini, kinena na miguu, dawa ya kwanza ninayoitoa ni klotrimazoli ya asilimia 1. Kwenye boksi utasoma Clotrimazole. Ndugu zake ni mikonazoli ya asilimia 2 na ketokonazoli ya asilimia 2, na zote hufanya kazi kwa njia moja: humzuia fangasi kutengeneza mafuta ya utando unaoshikilia chembe yake. Zinapakwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni (ya ketokonazoli kwa kawaida mara moja inatosha), kwa wiki 2 hadi 4.

Tebinafini ya asilimia 1 ina nguvu zaidi dhidi ya choa kwa sababu huua fangasi badala ya kuwadumaza tu. Kwa fangasi kati ya vidole, wiki 1 ya kupaka mara moja au mbili kwa siku mara nyingi inatosha. Mwilini na kinenani, wiki 1 hadi 2. Bei yake iko juu kidogo. Mtu ambaye najua hatamaliza wiki nne za klotrimazoli, kwa mfano dereva anayelala njiani, namshauri aongeze hela achukue hiyo.

Halafu kuna mafuta ya Whitfield, ambayo vijana wanayadharau kwa sababu hayana boksi linalong'aa. Ni asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, yalitungwa na daktari wa ngozi wa Uingereza, Arthur Whitfield, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwa miaka mingi yalikuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Asidi ya salisiliki humenya ngozi ya juu yenye magamba, ile ya benzoiki inadumaza fangasi. Kwa nyayo ngumu za mkulima hayana mpinzani wa bei. Yapake mara mbili kwa siku mpaka ngozi yote iliyoathirika itoke, ambayo huchukua wiki 4 au zaidi. Usiyaguse usoni, kinenani, kwenye mikunjo wala kwenye kidonda: yanaunguza.

Sasa kupaka kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo dawa nzuri inapopotea bure. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha kausha. Namaanisha kukausha kweli, kila nafasi kati ya vidole, kwa kitambaa ambacho huna mwingine unayechangia naye. Subiri dakika chache. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza wa pingili. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Usianzie katikati ya duara. Anzia nje, kwenye ngozi inayoonekana nzima, upana wa kama sentimita 2 kupita ukingo, kisha ingia ndani. Fangasi walio hai wako kwenye ukingo na mbele yake kidogo, katikati wamekwishaondoka. Paka tabaka jembamba mpaka lizame. Krimu inayobaki nyeupe juu ya ngozi inaenda kwenye shuka.

Ukifanya hesabu utaelewa kwa nini tyubu moja haitoshi. Eneo la viganja viwili, mara mbili kwa siku, ni gramu 1 kwa siku. Tyubu ya gramu 20 inaisha siku ya 20, na wiki nne ni siku 28. Ndiyo maana mtu mwenye maduara mgongo mzima namwambia mapema achukue mbili, asije akasema dawa haifanyi kazi wakati iliisha katikati ya safari.

Muwasho huondoka ndani ya siku chache za mwanzo. Watu wengi huacha hapo. Ni sawa na kufyeka magugu ya mpunga ukaacha mizizi: kwa macho shamba ni safi, baada ya wiki mbili yamerudi. Ngozi ikishaonekana nzima kabisa, endelea na klotrimazoli au mikonazoli kwa wiki 1 hadi 2 zaidi.

Kwa kandida ya mikunjo, klotrimazoli inafaa, na nistatini pia. Ila nistatini haiui choa hata kidogo, kwa hiyo usichukue tyubu ya mtoto ya nepi ukapaka mashilingi ya kaka yake. Na kandida ikirudi kila mara kwa mtu mzima, kapime sukari na VVU. Sisemi hivyo kumtisha mtu. Ngozi huwahi kutoa taarifa.

Soma boksi: tyubu yenye steroidi

Kuna tyubu ambazo ndani yake dawa tatu zimechanganywa: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Zinaombwa kwa majina ya biashara, zinasifiwa kwenye vikundi vya simu, na mtu hukwambia, "Hii inatibu kila kitu." Nisikilize vizuri hapa.

Steroidi hutuliza kinga ya ngozi. Ule wekundu, uvimbe na muwasho ni mwili wako unapigana na fangasi. Ukipaka steroidi, mapigano yanasimama, na kwa siku mbili tatu unajisikia umepona. Fangasi hawajaenda popote. Sasa wanatanuka bila kizuizi. Duara linapoteza ukingo wake, linakuwa kubwa, halieleweki, hata tabibu akiliona anaweza kulichukulia kuwa ugonjwa mwingine. Ukiacha kupaka, muwasho unarudi mkali kuliko mwanzo, nawe unakimbilia tyubu ileile. Nimewaona mabinti waliofika wakiwa na duara dogo shavuni lililogeuka kuwa doa la nusu uso lenye chunusi, na vijana ambao mapaja yao ya ndani yana michirizi kama ya mwanamke aliyejifungua. Ile michirizi haifutiki. Ngozi imekwishachanika kwa ndani.

India walipata somo hili kwa ukubwa wa nchi. Tyubu za mchanganyiko ziliuzwa kiholela kwa miaka mingi, na leo madaktari wa huko wanahangaika na choa sugu inayoenea mwilini, na aina mpya ya fangasi, Trichophyton indotineae, ambayo mara nyingi haisikii tebinafini. Imekwishaonekana katika nchi nyingine nyingi.

Kwa hiyo geuza boksi, tafuta maandishi madogo ya viambato. Ukikuta Betamethasone, Clobetasol, Dexamethasone, Beclomethasone, Mometasone au Triamcinolone, hiyo ina steroidi. Jina likiishia na "-sone", shtuka. Irudishe, uombe yenye jina moja tu la dawa ya fangasi. Angalia pia kama ina namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na kama muuzaji anakusukumia ile ya mchanganyiko kwa kuwa "ndiyo nzuri", mwambie kwa heshima kwamba unataka klotrimazoli peke yake. Una haki hiyo.

Kama umekwisha kuipaka kwa wiki nyingi, usiendelee kimya kimya kwa kuogopa kusemwa. Mwone tabibu akuelekeze namna ya kuiacha, hasa kama ni usoni au kwa mtoto.

Utangotango

Hapa shampuu inaishinda krimu kwa sababu eneo ni kubwa. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2: lowesha mwili, paka kuanzia shingoni hadi kiunoni na kwenye mikono ya juu, acha dakika 3 hadi 5, suuza. Fanya hivyo kila siku kwa siku 5. Ile ya selenium salfaidi ya asilimia 2.5 inakaa dakika 10, kila siku kwa siku 7. Isiingie machoni wala sehemu za siri. Baada ya hapo unga unaisha lakini rangi inabaki imepauka kwa wiki nyingi, hata miezi. Dawa imefanya kazi. Ngozi inahitaji muda na jua kidogo kurudisha rangi yake. Kipimo ni unga: kwaruza, usipotoka, umepona. Vidonge vya griseofulvini havitibu utangotango, wala vya tebinafini. Usivinunue kwa ajili hiyo.

Mapunye ya watoto

Mama anakuja na mtoto wa darasa la pili, kichwa kina mabaka yasiyo na nywele, magamba ya kijivu, na vinukta vyeusi pale nywele zilipokatikia kwenye ngozi. Ameshapaka klotrimazoli mwezi mzima. Nasikitika kila mara kumwambia kwamba krimu hiyo haikuwa na nafasi ya kushinda. Kwenye mapunye fangasi wako ndani ya unywele wenyewe, chini kwenye shina, na krimu haifiki huko. Lazima dawa ipite tumboni, iingie kwenye damu, iende kukaa ndani ya unywele unaoota.

Dawa hizo zinahitaji cheti cha tabibu, kwa sababu hupimwa kwa uzito. Griseofulvini kwa mtoto ni kama miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8 na wakati mwingine zaidi. Mpe baada ya chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, parachichi, wali wa nazi. Kwenye tumbo tupu sehemu kubwa inapita bila kufyonzwa. Tebinafini ya vidonge huchukua wiki 4, na dozi hupangwa kwa kilo: chini ya 20 robo ya kidonge cha miligramu 250, kati ya 20 na 40 nusu, zaidi ya 40 kizima. Ninaandika viwango hivi ili ukabidhiwapo dawa uweze kuuliza kama hesabu haikai sawa, si ili umgawie mtoto mwenyewe.

Pamoja na vidonge, muoshe kichwa kwa shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki. Haiponyi peke yake ila inapunguza mbegu anazowagawia wenzake. Kagua vichwa vya ndugu zake wote. Pakitokea uvimbe laini unaotoa usaha, usiukamue wala kuuchana kwa wembe. Mara nyingi ni mwili unavyowakatalia fangasi, na dawa ni zilezile za kumeza chini ya uangalizi wa tabibu. Ukichelewa, nywele pale hazioti tena.

Tafadhali, maji ya betri hapana. Petroli hapana. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa juu ya ngozi huunguza kama moto, na kovu lake hubaki kichwani maisha yote.

Kwa kinyozi, nenda na mashine yako kama unaweza. Kama huwezi, mwombe apige brashi nywele zilizonasa kwenye meno kabla ya kuyasafisha kwa dawa ya kuua vijidudu. Kupangusa spiriti juu ya nywele za mtu mwingine hakusaidii kitu.

Vidonge kwa watu wazima

Choa iliyotapakaa mwili mzima, kucha zilizoharibika, na fangasi waliogoma krimu sahihi ndivyo vinavyohitaji vidonge. Kucha za mikono hutaka tebinafini kwa wiki 6 hivi, za miguu 12, na ukucha mzima wa kidole gumba huchukua karibu mwaka kuota upya, hivyo usikate tamaa.

Wengi huja kutaka kile kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150. Kile kimoja ni dozi ya fangasi wa ukeni. Kwa choa ya ngozi tabibu huandika kimoja kila wiki kwa wiki kadhaa; ukimeza kimoja ukakaa, hujatibu kitu.

Ketokonazoli ya vidonge sikushauri kabisa kwa ugonjwa wa ngozi. Inaweza kuharibu ini, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza isitishwe. Krimu na shampuu yake hazina tatizo hilo.

Mjamzito asimeze griseofulvini, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu zake. Mwanaume naye anashauriwa asitungishe mimba akiwa anaitumia na kwa miezi 6 baadaye. Pombe iwekwe pembeni. Klotrimazoli ya kupaka kwenye ngozi ni salama kwa mjamzito. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aseme kabla hajachukua mikonazoli, maana huongeza nguvu ya dawa hiyo hadi mtu kutoka damu.

Wiki nne zimepita na bado linatanuka

Kama umepaka ipasavyo kwa muda wote na ukingo bado unasonga mbele, usinunue tyubu nyingine. Nenda kituo chenye maabara, waombe wakwangue magamba kwenye ukingo, wayawekee tone la potasiamu haidroksaidi na kuyaangalia kwa hadubini. Ni kipimo chepesi na majibu hutoka siku hiyohiyo. Kabla ya kwenda uliza kama uache krimu kwa siku kadhaa, kwa sababu dawa iliyo juu ya ngozi huweza kuwaficha fangasi. Ulizia pia kama wilayani kwenu yupo tabibu aliyesomea ngozi. Wengi wao wamepitia kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, na wanalijua tatizo hili kwa mikono yao. Beba maboksi ya kila kitu ulichopaka, hata lile ulilopewa na jirani, na mwonyeshe yote.